NANI ATASEMA NDIYO?

Ukurasa wa Usalama na Afya

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma gazeti hili nyumbani wakati bwana yako yuko zamu,

Katika ukurasa huu tumezoea kukuambia mambo ya kofia ya kazi, ya mbao za kushikilia dari la shimo, ya vumbi la mawe na ya maji safi. Leo tunaleta jambo lingine. Halianguki kichwani kama jiwe, lakini linaingia nyumbani kwako kwa mlango, tena kwa heshima, likiwa na karatasi mkononi.

Tuseme siku moja gari la watu wa afya linafika kambini kwenu, kando ya Mongbwalu au kwingineko katika Djugu. Wanasema wanafanya utafiti. Wanataka damu kidogo, mkojo, pengine nywele chache. Au wanaleta dawa ambayo bado inajaribiwa. Wanaomba mtu atie mkono kwenye karatasi. Saa hiyo wewe uko chini ya ardhi. Nyumbani yuko bibi yako mwenye mimba ya miezi minne. Yuko binti yako wa miaka 16, naye ana mtoto mgongoni. Yuko kijana wako wa miaka 9. Na katika kiti cha kivuli amekaa mama yako mzee ambaye hasikii vizuri, na Kiswahili anakijua cha sokoni tu.

Nani atasema ndiyo? Na atasema kwa ajili ya nani?

Usidhani tunakutungia hadithi. Ituri imeona watafiti wengi, na itaona wengine. Kwa hiyo ni vizuri mambo haya myazungumze sasa, wakati hakuna mgonjwa ndani ya nyumba na hakuna gari mlangoni.

UTAFITI NA MATIBABU NI VITU VIWILI

Ukienda dispanseri na homa, munganga anakupa dawa inayojulikana, kwa sababu anataka wewe upone. Hayo ni matibabu. Katika utafiti, munganga anataka kujua jambo ambalo hajui bado: dawa hii inafaa? Ugonjwa huu unatoka wapi? Unaweza kupata faida, unaweza usipate. Mara nyingi watu wanagawanywa kwa kura, hawa wapewe dawa hii, wale wapewe ile. Munganga hachagui, na wewe huchagui. Asiyekueleza habari ya kura hajakueleza utafiti.

Kuna utafiti usio na dawa kabisa, wa kuuliza maswali na kuchukua damu tu. Ndugu zetu wa Durba, upande wa Watsa, wanaujua. Kuanzia mwezi wa 10 mwaka 1998 hadi mwezi wa 9 mwaka 2000, ugonjwa wa Marburg uliua wachimbaji wa zahabu wa mgodi wa Goroumbwa na watu wa nyumba zao. Walihesabiwa wagonjwa 154, na 128 kati yao walikufa. Wanganga walitaka kujua ugonjwa unaingilia wapi, wakapima damu ya watu 912 wa vijiji vya huko. Watu 15 walikutwa na alama ya kuwa walikwisha kupatwa na Marburg bila kufa. Kati ya hao 15, watu 13 walikuwa wanaume waliofanya kazi mgodini. Hivyo ndivyo ilivyojulikana waziwazi kwamba hatari iko ndani ya shimo.

Angalia jambo hilo vizuri. Kama wangepima wanaume peke yao, wasingekuwa na mtu wa kulinganisha. Damu ya mama aliyekuwa akiuza ndizi, ambaye hakuwa na alama yoyote, ilisaidia kuonyesha hatari ya mchimbaji. Ndiyo maana watafiti wanakuja kubisha hodi kwa watu wote wa nyumba, wala si kwa mwenye kazi peke yake. Na kila anayeombwa damu yake ana haki ya kuulizwa yeye.

MAMA MWENYE MIMBA

Hapa pana historia ndefu, na haikwenda njia moja.

Katika miaka ya 1950 ilitoka dawa iliyoitwa thalidomide. Wanawake wenye mimba waliimeza kwa ajili ya kichefuchefu na usingizi. Ilipoondolewa sokoni mwaka 1961, watoto zaidi ya 10,000 katika nchi nyingi walikuwa wamezaliwa na viungo visivyo kamili. Dunia iliogopa, na ilikuwa na haki ya kuogopa. Mwaka 1977 serikali ya Marekani ilishauri kwamba wanawake wanaoweza kushika mimba wasiingizwe katika majaribio ya kwanza ya dawa. Kwa miaka mingi dawa zikapimwa hasa kwa wanaume, halafu zikauzwa kwa wote. Mwaka 1993 Marekani iligeuza sheria, ikataka wanawake waingizwe katika utafiti. Lakini ilichukua hadi mwaka 2013 wakubwa wa dawa wa nchi hiyo kutangaza kwamba dawa moja ya usingizi, zolpidem, wanawake wapewe nusu ya kipimo, kwa kuwa inakaa katika damu yao muda mrefu zaidi. Ilikuwa imemezwa miaka mingi.

Huku kwetu jambo hilo lilitugusa karibu zaidi. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 ya mwezi wa 8 mwaka 2018 katika Kivu ya Kaskazini iliingia Ituri pia: Mambasa, Mandima, Komanda, Bunia, na mwezi wa 9 mwaka huohuo Tchomia, kwenye ziwa, katika Djugu yetu hii. Ilipokwisha mwezi wa 6 mwaka 2020, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 3,470, na watu 2,287 walikuwa wamekufa. Kati ya wagonjwa, 57 kwa mia walikuwa wanawake. Watoto wasiofika miaka 18 walikuwa 29 kwa mia. Sababu yake mama yeyote anaijua: nani anamwosha mgonjwa? Nani anambeba mtoto mwenye homa?

Chanjo ilikuwapo. Lakini wakati ule ilikuwa bado haijapata kibali kamili, ilitolewa kwa masharti ya utafiti, na kila aliyechanjwa alitakiwa kukubali kwanza. Masharti ya mwanzo yaliwaacha nje wanawake wenye mimba, mama wanaonyonyesha, na watoto wasiofika mwaka mmoja. Watu waliosema hivyo hawakuwa wabaya. Walikumbuka thalidomide. Lakini fikiri wewe uko mbele ya meza ya chanjo: bwana yako amechanjwa, mkwe wako amechanjwa, na wewe uliyemwosha marehemu unaambiwa urudi nyumbani kwa sababu una mimba. Hapo hakuna aliyekuuliza ndiyo wala hapana. Uamuzi ulikwisha kufanywa mbali.

Mambo yaligeuka mwaka 2019. Wanawake waliopita miezi mitatu ya mimba na wanaonyonyesha walikubaliwa, na watoto kuanzia miezi sita. Kwa maoni ya ukurasa huu, ilichelewa. Kumlinda mama kwa kumfungia mlango, wakati ugonjwa wenyewe uko ndani ya nyumba, ni ulinzi wenye mashaka. Afadhali aelezwe hatari ya pande mbili, ya kuchanjwa na ya kutochanjwa, kisha akate shauri mwenyewe.

Na inawezekana. Katika Ebola hiyohiyo ulifanywa utafiti wa dawa nne, na jina lake lilikuwa la Kiswahili chetu: Pamoja Tulinde Maisha. Uliongozwa na INRB ya Kinshasa, ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, pamoja na Wamarekani. Kuanzia mwezi wa 11 mwaka 2018 hadi tarehe 9 ya mwezi wa 8 mwaka 2019 waliingia wagonjwa 681, wa umri wote, wenye mimba wakiwamo, hata watoto wachanga waliozaliwa na mama wenye Ebola. Mgonjwa aliyeweza kusema alijisemea, asiyeweza alisemewa na mtu wake. Dawa mbili zilishinda. Kwa waliopewa dawa ya zamani iliyoitwa ZMapp, nusu walikufa. Kwa waliopewa hizo mbili, kama theluthi moja tu. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake, wagonjwa wote wapewe hizo mbili. Moja ya hizo, mAb114, ilitengenezwa kutokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Mtu huyo aliombwa damu, akakubali, na wengi katika Beni na Butembo wakaishi.

MUME NA KARATASI YA MKEWE

Sasa tuseme ukweli ambao unazungumzwa kwenye kibaraza kila siku. Katika nyumba nyingi za hapa mke anajibu: “Ngojeni bwana yangu arudi.” Mtafiti mwenye haraka anafurahi kumtafuta bwana tu, amalize kazi. Bwana anatia mkono, na damu inachukuliwa kwa mama.

Sheria ya Jamaa ya nchi yetu, ya tarehe 1 ya mwezi wa 8 mwaka 1987, ilimpa nguvu mwanaume huyo. Kifungu cha 448 kilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe kwa kila tendo la kisheria ambamo anajifunga kufanya jambo yeye mwenyewe. Tarehe 15 ya mwezi wa 7 mwaka 2016 sheria hiyo ilirekebishwa. Ruhusa ya mume ikaondolewa, na mahali pake pakawekwa kwamba mume na mke wapatane, kila upande sawa na mwenzake. Baba bado anaitwa kichwa cha nyumba katika sheria. Lakini kichwa cha nyumba hakitolewi damu kwa mkono wa mwingine.

Kanuni za utafiti nazo ziko wazi. Azimio la Helsinki, lililotungwa na Chama cha Wanganga cha Dunia mwaka 1964 na kurekebishwa mara nyingi, mara ya mwisho mwezi wa 10 mwaka 2024, linasema inaweza kufaa kushauriana na watu wa jamaa au wakubwa wa kijiji. Hata hivyo mtu mwenye akili zake haingizwi katika utafiti mpaka yeye mwenyewe akubali kwa hiari. Basi kushauriana ni ruhusa. Baba, ukiulizwa na bibi yako, mpe shauri lako lote. Yeye ndiye atakayetia mkono au kupiga dole.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume hawapendi kulisikia. Utafiti wa dawa mara nyingi unaanza kwa kumpima mwanamke kama ana mimba. Jibu la kipimo hicho ni lake. Munganga haruhusiwi kulipeleka kwa mume, wala kwa baba wa msichana, wala kwa mkubwa wa kambi. Tunajua makelele yanayoweza kutokea. Msichana wa miaka 17 aliyepimwa Jumatatu, na Jumanne kambi nzima inajua, huyo ameumizwa na utafiti kama vile angepewa dawa mbaya. Mama, kabla hujakubali binti yako aingie, uliza: “Majibu ya vipimo mtampa nani, wapi, na nani atakuwa anasikia?” Kama wanapimia chini ya mti mmoja na watu wamekaa mstari, mwambie mtafiti akatafute chumba.

Na wewe mwanaume, usifikiri unajitawala zaidi. Vijana wetu wanakubali mambo haraka kuliko wanawake. Wanasema ndiyo kwa sababu wenzao wamesema ndiyo, au PDG wa shimo amesema “vijana wangu wote wataingia”, au kwa ajili ya franga za njia. Mama anauliza maswali kumi. Kijana wa shimoni anauliza moja: ni ngapi? Franga za kukulipia siku ya kazi uliyoipoteza ni haki. Zikiwa nyingi kiasi cha kukufanya usisikilize hatari, hapo zimekununua.

KOMPANI, MUNGANGA NA NDIYO YAKO

Wachimbaji wa zahabu wamejaribiwa dawa tangu zamani. Katika Afrika ya Kusini, mwaka 1911, munganga Mwingereza Almroth Wright alianza kujaribu chanjo ya homa ya mapafu kwa wachimbaji Waafrika wapatao 50,000. Katika miaka ya 1970 Mmarekani Robert Austrian alijaribu tena chanjo ya namna hiyo kwa wachimbaji wapya wa huko, na mwaka 1977 ilipata kibali Marekani. Chanjo iliyofanya kazi imeokoa wazee na watoto wengi duniani, hatulikatai hilo. Lakini kijana aliyetoka kijijini juzi, aliye chini ya kontrati, katika nchi ya ubaguzi wa rangi ambako hakuweza hata kutembea bila kipande, hapana yake ingekuwa na uzito gani?

Baadaye hali ilibadilika. Kati ya mwaka 2006 na 2011 ulifanywa utafiti mwingine katika migodi ya zahabu ya nchi hiyo, ukiitwa Thibela TB. Wachimbaji zaidi ya 23,000, karibu wote wanaume, walianza kumeza dawa ya kuzuia kifua kikuu. Safari hii kila mmoja aliulizwa, na vyama vya wafanyakazi vilishirikishwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yalionyesha kwamba kuwapa wote dawa hakukupunguza kifua kikuu mgodini. Aliyemeza alilindwa wakati wa kumeza. Alipoacha, kinga ikaondoka. Nalo hilo ni jibu, na liligharimu miaka na fedha.

Swali kwa mfanyakazi ni hili. Munganga wa kompani ndiye anayeandika kama unafaa kushuka shimoni. Akikuomba uingie katika utafiti, unaogopa kwamba ukikataa utapewa kazi ya juu yenye malipo madogo? Ogopa hiyo si ya kijinga, na Azimio la Helsinki limeifikiria: mtu akiwa chini ya munganga fulani, ni lazima mwingine asiyemtegemea aje kumwomba. Unaweza kusema: “Nitumieni mtu asiye wa kompani anieleze.” Na majina ya waliokataa yasionyeshwe kwa mkubwa wa kazi. Wajumbe wa sendika wakubaliane na watafiti juu ya hilo kabla ya sindano ya kwanza.

Vivyo hivyo kwa ndugu walio katika kambi za waliokimbia vita hapa Djugu. Mama anayengojea sabuni na unga hawezi kujua kwa hakika kama anayemwomba damu ni yule anayegawa unga. Mtafiti mwema anatenganisha mambo hayo mawili, siku tofauti na watu tofauti, na anasema kwa sauti kwamba asiyetaka atapata posho yake ileile.

MTOTO

Katiba ya mwaka 2006 na Sheria ya Ulinzi wa Mtoto ya tarehe 10 ya mwezi wa 1 mwaka 2009 zinasema mtoto ni yule asiyefika miaka 18. Kwa hiyo kijana wako wa miaka 9 hawezi kutia mkono mwenyewe. Mzazi au mlezi wa sheria ndiye anayekubali kwa ajili yake. Lakini hiyo haimaanishi mtoto ni gunia la mihogo. Kanuni zinataka naye aelezwe kwa maneno ya umri wake, na akiweza kusema, aulizwe. Mtoto akikataa, neno lake liheshimiwe. Wazazi wa Kiafrika tunacheka hapo: tangu lini mtoto anaulizwa? Basi jaribu. Mwambie: “Watakuchoma mkono mara moja, itauma kidogo, si kwa sababu umekosa.” Utaona kwamba mtoto aliyeelezwa analeta mkono wake mwenyewe, na asiyeelezwa anashikwa na watu watatu.

Mzazi naye aelezwe kweli. Mwaka 1996, katika Kano, Nigeria, wakati wa homa kali ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa mpya iitwayo Trovan kwa watoto 100, na watoto wengine 100 wakapewa dawa iliyojulikana. Walikufa 11, watano wa dawa mpya na sita wa ile nyingine. Wazazi wengi walisema baadaye kwamba hawakuambiwa ni majaribio. Walidhani ni matibabu. Kampuni ilikana kosa, ikasema wazazi walikubali kwa mdomo. Kesi ilikwenda miaka, na mwaka 2009 ilikubali kulipa dola milioni 75 kwa mapatano na jimbo la Kano. Mzazi mwenye mtoto anayekufa mikononi atasema ndiyo kwa kila kitu. Ndiyo hiyo ni dhaifu, na mtafiti anatakiwa kuijua hivyo.

Lakini kutowaingiza watoto kabisa nako kuna hasara. Utafiti wa chanjo ya malaria ya RTS,S, kati ya mwaka 2009 na 2014, uliingiza watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika, pamoja na wa Kilifi na Siaya huko Kenya, na wa Korogwe na Bagamoyo huko Tanzania. Malaria inaua watoto wadogo, basi chanjo yake haiwezi kupimwa kwa wachimbaji wenye ndevu. Zebaki ni vilevile. Moshi wake unapochomwa pamoja na zahabu kwenye sufuria ya nyumbani unamfikia mama anayetwanga mawe, na unapita mpaka kwa mtoto aliye tumboni. Mtu akitaka kujua zebaki inafanya nini katika Djugu, hana budi kuomba nywele za akina mama na mkojo wa watoto.

Sasa turudi kwa yule binti wa miaka 16 mwenye mtoto mgongoni. Kwa sheria yeye ni mtoto, na mtoto wake ni mtoto. Nani anakubali kwa ajili ya mchanga? Kuna nchi ambazo kanuni zao za utafiti zinamhesabu msichana aliyezaa kama mtu mzima kwa jambo hilo. Hapa kwetu njia ya usalama ni kwamba wote wawili wahusike: bibi au babu wa mtoto atie mkono kama mlezi, na mama mwenyewe aulizwe, asikilizwe, na hapana yake isimamishe kazi. Yeye ndiye ataamka usiku sindano ikileta homa. Vilevile vijana wa miaka 15 au 16 walioko mashimoni bila mzazi, ambao kwa sheria hawakutakiwa kuwa mle. PDG si baba yao. Hawezi kuwatilia mkono.

MZEE

Juu ya mzee tutasema kwa ufupi. Watafiti wanamruka mara nyingi, wakisema amechoka, ana magonjwa mengi, atavuruga hesabu. Wakimkubali, wanazungumza na mjukuu. Mjukuu anatafsiri maneno ishirini kwa maneno matatu, na mzee kwa adabu anajibu “ndiyo, mwanangu”, kwa maana yeye hakatai mgeni. Ndiyo ya adabu si ndiyo ya kukubali. Mwambieni mtafiti alete mtu anayesema Kilendu au Kihema au lugha yoyote ya mzee, akae karibu na sikio linalosikia, kisha amwombe mzee arudie kwa maneno yake mwenyewe: “Hawa watu wanataka nini kwako?” Akirudia vizuri, ameelewa. Wachimbaji wa zamani wenye mapafu ya vumbi ndio wanaojua mengi juu ya kazi hii, na utafiti unaowaacha utakuwa na shimo katikati.

WAULIZE HAYA

Kuna watu wetu wanaokimbia kila sindano, kama walivyokimbia katika Katanga kwa hofu ya batumbula, au huko pwani kwa hofu ya mumiani. Hofu hiyo ilizaliwa wakati damu ilikuwa inachukuliwa bila maneno. Dawa yake ni maneno.

Waulize kibali cha kamati ya maadili: taifa linayo Komite ya Taifa ya Maadili ya Afya, CNES, na Shule ya Afya ya Watu ya Chuo Kikuu cha Kinshasa ina yake. Waulize kama kuna kura, na kama kuna dawa ya bandia. Waulize nani atatibu na kulipa ukidhurika. Waulize kama unaweza kuacha katikati, na wakisema huwezi, simama uende. Asiyejua kusoma aletewe shahidi asiye wa watafiti, asomewe karatasi yote, ndipo apige dole. Na ukitaka kulala usiku mmoja kwanza ufikiri, omba. Katika utafiti mwingi usiku mmoja haupotezi kitu. Katika Ebola muda ni mfupi zaidi, ndiyo maana tunakuandikia leo.

Uliza pia damu itakwenda wapi na itakaa miaka mingapi. Inaweza kuwekwa katika barafu Kinshasa au Ulaya mpaka kijana wako wa miaka 9 awe na miaka 18. Siku hiyo, kama utafiti unaendelea au damu yake bado ipo, yeye mwenyewe anatakiwa kuulizwa upya, na anaweza kusema hapana ingawa wewe ulisema ndiyo. Kwa hiyo dai nakala ya karatasi uliyotia mkono, yenye jina la utafiti na namba ya simu. Iweke katika kopo moja na karatasi yake ya kuzaliwa na ya chanjo, mbali na mchwa, na umwonyeshe mama yake ilipo.